Neno la Wiki: Mzingo na Eneo

Tangazo moja la kiwanja limetaja "eneo la mita 38". Hapana. Eneo hupimwa kwa mita za mraba. Mita tupu ni za mzingo, na mnunuzi asiyelitambua hilo ataumia. Mzingo umetokana na zinga, ndugu wa zingira na mazingira: ni urefu wa kuzunguka umbo zima. Eneo limetoka kwa enea. Ni sehemu iliyofunikwa na umbo. Wengine huandika "mzunguko" mahali pa mzingo, nami sikubali. Mzunguko ni mwendo: wa damu, wa fedha, wa dunia.

Hesabu yenyewe hulitenga neno na neno. Mstatili una mzingo wa mita 38, na urefu umezidi upana kwa mita 5. Upana uwe x. Basi 2(x + x + 5) = 38, yaani 4x + 10 = 38. Toa 10 kila upande: 4x = 28. Gawanya kwa 4: x = 7. Upana mita 7, urefu 12, eneo mita za mraba 84. Kiwanja cha mita 18 kwa 1 nacho kina mzingo wa mita 38, lakini eneo lake ni mita za mraba 18 tu.