Kiitikio Kisichofasiriwa

Rukuba ni kisiwa cha wavuvi katika Ziwa Nyanza, mbele ya Musoma. Kaskazini yake, bara, ndiko Shirati. Na ng'ambo ya maji ndiko Buganda, ulikotoka wimbo unaozungumzwa hapa.

Wamisionari wa Kimennonite kutoka Marekani, Elam Stauffer akiwa miongoni mwao, walifungua kituo Shirati mwaka 1934. Uamsho ulipowafikia mwaka 1942 ulikuwa umekwisha kusafiri. Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Kampala mwaka 1929, na moto ukawaka Gahini, Rwanda. Shirati nako watu waliungama hadharani, na lililokuwa zito kuliko yote ni kinyongo: cha kabila kwa kabila, cha Mwafrika kwa mmisionari. Zedekia Kisare, aliyepata kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa hilo mwaka 1967, alilelewa na uamsho huo.

Aliyeungama alijibiwa kwa wimbo, Tukutendereza Yesu. Beti zake zilitungwa kwa Kiingereza karne ya 19 na Louise M. Rouse, sauti ikatiwa na Dora Boole. Waganda wakauchukua, na kutoka kwao ukaenea Afrika Mashariki yote. Beti zikafasiriwa lugha kwa lugha. Kiitikio kikabaki Kiganda.

Kwa nini? Mpenzi wa ushairi ataanza kuhesabu. Tu-ku-te-nde-re-za-Ye-su: mizani 8 kamili, kipande cha utenzi! Mfasiri akisema “Tunakusifu Yesu” anapata 7, na sauti inachechemea. Lakini hoja hiyo haitoshi, kwani “Tunakutukuza Yesu” inatimiza 8 bila taabu. Mizani haikumzuia mtu.

Sababu yatafutwe kwa waimbaji. Neno lile lilikuwa salamu. Waliookoka walitambuana kwalo njiani, hata wasipojuana kwa majina. Tena, pale Shirati ugomvi ulikuwa ni nani mwenyeji na nani mgeni. Kiswahili kilikuwa lugha ya shule na ya serikali, Kijaluo cha Wajaluo, Kijita cha Wajita, Kiingereza cha wamisionari. Katika Kiganda hakuna aliyekuwa kwao. Mmisionari naye ilimbidi ajifunze kulitamka neno lile kama wenzake, silabi kwa silabi.