Panya wa Oxford wamtetea mama

Msikilizaji, wiki hii nataka kuzungumzia panya. Usicheke, wala usibadilishe stesheni. Sisemi hawa wanaotoboa magunia yetu ya mchele. Nasema panya wadogo wa kufugwa, wa rangi za kila namna, ambao wana ushahidi wa kutoa katika kesi ambayo huku kwetu imesikilizwa vibaya kwa muda mrefu.

Kesi yenyewe ni hii. Mama mweusi na baba mweusi wamepata mtoto mwenye ngozi nyeupe, nywele za rangi ya majani makavu na macho yanayoogopa mwanga. Kabla mtoto hajatimiza siku arobaini, maneno yameanza. Wifi anauliza ni mzungu gani aliyepita mtaani. Jirani anasema ni laana ya ukoo. Baba anafunga mizigo yake. Mshitakiwa siku zote ni mama.

Sasa tuwaite mashahidi. Huko Japani watu walianza zamani kufuga panya kwa ajili ya uzuri wa rangi zao, na mwaka 1787 kilichapishwa kitabu kizima kinachofundisha namna ya kuwapandisha ili kupata rangi mbalimbali. Aina moja ilikuwa ya panya waliozungukazunguka kana kwamba wanacheza ngoma. Walikuwa na rangi ya manjano iliyopauka, mabaka meupe, na macho mekundu. Panya hao walifikishwa Ulaya, wakawa kipenzi cha wafugaji.

Wakati huo wataalamu wa Ulaya walikuwa katika ubishi mkali. Mtawa mmoja wa Brno, Gregor Mendel, alikuwa amechapisha mwaka 1866 kanuni za urithi alizozigundua kwa kupanda njegere, zikapuuzwa hadi mwaka 1900. Sasa watu wakauliza: je, kanuni za njegere zinafaa kwa wanyama wenye damu? Mwaka 1902 Mfaransa Lucien Cuénot alijibu kwamba zinafaa kwa panya. Huko Oxford, kijana Arthur Darbishire naye alikuwa na vizimba vyake, ingawa mwalimu wake, Profesa Weldon, alikuwa mpinzani mkubwa wa Mendel.

Darbishire alimpandisha panya wa Kijapani na panya mweupe pepe wa Ulaya. Baba macho mekundu, mama macho mekundu. Wewe na mimi tungetegemea watoto wa macho mekundu. La hasha! Wote walizaliwa na macho meusi. Na hapa hakuna wa kumsingizia mama, maana alikuwa ndani ya kizimba. Kisha watoto hao walipozaana wenyewe kwa wenyewe, weupe uliokuwa umetoweka ukarudi, kwa kiasi cha mjukuu mmoja katika kila wanne.

Maelezo yake ni haya. Kila kiumbe hupokea nakala mbili za kila jeni, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Nakala moja ikiwa na kasoro, ile nzima huifunika, na mwenye kuibeba haonekani na tofauti yoyote. Kasoro hujitokeza pale tu mtoto anapopata nakala mbovu kutoka pande zote mbili. Tena jeni zinazohusika na rangi si moja. Kwa panya mweupe wa Ulaya, fundi wa kutengeneza rangi hakuwapo. Kwa yule wa Kijapani fundi alikuwapo, ila karakana ilikuwa haifai kufanyia kazi. Walipokutana, mmoja alileta fundi na mwingine akaleta karakana, na macho yakawa meusi.

Mwaka 1915 J. B. S. Haldane, dada yake Naomi na rafiki yao A. D. Sprunt walionyesha kwamba jeni hizo mbili husafiri pamoja, kama abiria wa gari moshi moja. Sprunt hakuwahi kuyaona maandishi hayo. Aliuawa vitani.

Utaniuliza, yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana. Katika miaka ya 1990 wataalamu waliifikia ile jeni ya panya wa Kijapani, wakakuta binadamu anayo iliyo sawa nayo. Mwaka 1995 ilithibitishwa kwamba aina ya ualbino iliyo ya kawaida Tanzania inatokana na jeni hiyo hiyo, na kwamba kipande kilekile kimepungua kwa watu wa nchi nyingi za Afrika, dalili kwamba kimetoka kwa mzee mmoja wa kale sana. Kwa hiyo anayeutukana ukoo wa mwenzake huenda anautukana wake mwenyewe.

Inakadiriwa kwamba Tanzania mtu mmoja kati ya 1,400 hivi ana ualbino. Piga hesabu ya Mendel, utapata kwamba karibu mtu mmoja kati ya 20 ameibeba jeni hiyo bila kujua. Panda daladala iliyojaa: mmoja wao yumo, na huenda ni wewe. Wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Hakuna mzungu hapo, hakuna jini, na baba ametoa nusu kamili.

Sisemi haya kwa kujifurahisha. Kuanzia mwaka 2007 tulitangaza habari za mauaji ya watu wenye ualbino, wengi wao kanda ya Ziwa, wakikatwa viungo kwa sababu waganga matapeli waliwaambia wateja kuwa mna utajiri ndani yake. Waliopona walikimbia makwao. Ujinga ulioanza kwa wifi kunong'ona uliishia kwenye panga.

Mtoto huyo anahitaji kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kuzuia jua, na kiti cha mbele darasani kwa sababu haoni mbali. Juu ya hayo anahitaji baba asiyefunga mizigo. Wahenga walisema kitanda hakizai haramu. Panya wa Oxford wametoa ushahidi wao zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Iliyobaki ni hukumu yetu.

Hadi wiki ijayo, kwaheri.