Kutoka Kipande hadi Wasifu: Historia Fupi ya Maelezo ya Mwombaji Kazi na Istilahi Zake

Maombi ya kazi huandikwa na watu wengi kuliko mashairi na hadithi, lakini sisi tunaoshughulika na lugha hatujayapa nafasi inayostahili katika uchunguzi wetu. Katika makala hii tunakusudia kueleza kwa ufupi jinsi maelezo ya mfanyakazi juu ya kazi yake yalivyobadilika kadiri miaka ilivyopita, ni nani aliyekuwa na haki ya kuyaandika, na ni maneno gani yaliyotumika. Hatufanyi hivyo kwa ajili ya historia peke yake. Mwombaji anayeshindwa kuieleza kazi aliyoifanya huikosa nafasi ambayo pengine aliistahili. Na lugha inayodhaniwa kuwa haiwezi kuieleza kazi hiyo hupungukiwa heshima katika ofisi. Mambo yote mawili yanatuhusu.

Orodha ya Leonardo

Wanaotafuta chimbuko la maelezo ya aina hii hupenda kutaja barua ya Leonardo da Vinci, aliyomwandikia Ludovico Sforza, mtawala wa Milan huko Italia, mnamo mwaka 1482. Wakati huo Leonardo alikuwa na umri wa miaka 30 hivi. Katika barua hiyo alipanga mambo anayoyaweza kwa orodha yenye namba: kujenga madaraja mepesi yanayobebeka, kuondoa maji katika mahandaki wakati wa kuuzingira mji, kutengeneza mizinga, kuchimba njia za siri chini ya ardhi, na mengine ya namna hiyo. Mwishoni tu ndipo alipotaja kazi za wakati wa amani, yaani majengo, mifereji ya maji, sanamu na uchoraji. Mtu ambaye ulimwengu unamjua kwa uchoraji aliutaja uchoraji mwishoni, kwa sababu alijua kuwa mtawala yule alikuwa akihitaji zana za vita.

Barua hiyo ina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba kila jambo lilipewa kifungu chake, na vifungu vilichaguliwa kwa kufuata haja ya msomaji. La pili ni kwamba Leonardo aliandika zaidi juu ya anayoyaweza kuliko aliyokwisha kuyatenda. Yeye mwenyewe alilitambua jambo hilo, maana aliimaliza barua kwa kusema kuwa yuko tayari kufanya majaribio mbele ya mtawala, kama kuna lolote litakaloonekana kuwa haliwezekani. Asemaye “naweza” hudaiwa ushahidi. Asemaye “nilifanya” huwa ameanza kuutoa.

Mfanyakazi aliyeandikwa na wengine

Katika nchi zetu mambo hayakuanza kwa barua ya mwombaji. Yalianza kwa karatasi iliyoandikwa na mwajiri. Neno cheti, ambalo asili yake ni Kihindi, lilikuwa na maana ya karatasi ndogo yenye maandishi mafupi, na mtu aliyemaliza kazi angeweza kupewa cheti na bwana wake ili akionyeshe kwa bwana mwingine. Mwenye cheti alibeba maneno ambayo pengine hakuweza kuyasoma.

Nchini Kenya utaratibu huo ulipewa nguvu ya sheria. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kati ya mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alitakiwa kuwa na kipande, chenye jina lake, kabila lake, alama za vidole, na kumbukumbu za kazi: mwajiri ni nani, mshahara ni kiasi gani, ameanza lini na ameachishwa lini. Kipande kilitiwa katika kikebe cha chuma, na wengi walikivaa shingoni. Aliyeondoka kazini bila mwajiri kutia sahihi hakuweza kuajiriwa kwingine kwa halali. Haishangazi kwamba kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa ya chama cha Harry Thuku, mpaka alipokamatwa mwezi Machi 1922. Utaratibu huo uliondolewa mwaka 1947.

Katika Tanganyika neno hilohilo lilikuwa na matumizi mengine. Katika mashamba ya mkonge kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Siku moja ikimalizika, alama moja ilitiwa, na mshahara ulilipwa kadi ilipojaa. Wafanyakazi walioletwa kwa mkataba kutoka mikoa ya mbali waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alitambulika kwa namba yake. Hapo mfanyakazi alielezwa kwa idadi ya siku tu. Ujuzi wake haukuandikwa popote.

Tumelieleza jambo hili kwa urefu kidogo kwa sababu linatuonyesha kinachobishaniwa. Tofauti ya kipande na wasifu haiko katika urefu wala katika uzuri wa karatasi. Katika kipande mfanyakazi ni mtendwa. Huandikwa, hutiwa alama, huachishwa. Katika wasifu yeye ndiye mtenda, naye ndiye mwenye kalamu.

Barua ya ombi

Kadiri shule zilivyoongezeka, makarani, walimu na wauguzi walianza kujiandikia maombi yao. Barua hizo zilifuata desturi ya ofisi za kikoloni, ambamo hata afisa mkubwa alimaliza barua kwa kujiita mtumishi mtiifu wa anayemwandikia. Baada ya uhuru, na hasa baada ya mwaka 1967, Kiswahili kilipotangazwa nchini Tanzania kuwa lugha ya shughuli za serikali, utiifu huo ulipungua. Anwani zikaanza kutumia neno Ndugu, na barua nyingi zikamalizika kwa maneno “Wako katika ujenzi wa Taifa”. Salamu zilibadilika, lakini kiini cha barua hakikubadilika sana. Mwombaji alitaja elimu yake, umri wake na shida yake, kisha akaahidi kufanya kazi kwa bidii. Aliyoyatenda katika kazi ya nyuma aliyapitia kwa haraka, au aliyaacha kabisa.

Kuna sababu ya jambo hilo, nayo imo katika lugha yenyewe.

Sifa na kujisifu

Maneno sifa na wasifu yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kueleza jinsi kitu kilivyo. Katika Kiswahili, hata hivyo, sifa imebeba maana mbili: hali au uwezo alionao mtu, na maneno ya kumtukuza. Tangazo la kazi husema “sifa za mwombaji” kwa maana ya kwanza. Mwombaji naye, akiwa amelelewa katika adabu inayokataza kujisifu, hulisikia neno hilo kwa maana ya pili. Hukumbuka kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa hiyo huona ni heri kunyamaza kuliko kuonekana mwenye majivuno.

Sisi tunaona kwamba methali hizo hazimzuii mtu kusema kweli. Zinakataza maneno matupu. Mtu akiandika “mimi ni mchapakazi hodari, mbunifu na mwenye kujituma”, huyo amejisifu, kwa maana hakuna neno hata moja linaloweza kupimwa. Akiandika kwamba alifundisha darasa la wanafunzi 84 kwa miaka miwili bila msaidizi, hakujisifu, ametoa taarifa. Msomaji ndiye atakayesifu, akipenda.

Nguvu ya kitenzi

Katika Kiingereza, desturi ni kuanza kila kifungu cha wasifu kwa kitenzi na kuiacha nafsi. Baadhi ya wafasiri wetu wameiga desturi hiyo kwa kuandika “Kupanga majalada”, “Kusimamia wafanyakazi”. Hili ni kosa la maana, si la sarufi tu. Kitenzi-jina chenye ku- hutaja jukumu. Ndiyo maana matangazo ya kazi huorodhesha majukumu kwa namna hiyohiyo. Mwombaji anayeandika “Kupanga majalada” anatuambia alichotakiwa kufanya. Hajatuambia kwamba alikifanya. Tukiondoa ku- na kuacha “Panga majalada”, tumetoa amri. Kiswahili hakina njia ya kuificha nafsi na bado kikaeleza tendo lililokwisha. Basi na tuandike “Nilipanga”. Neno hilo moja linataja mtenda, wakati na tendo, na ufupi wake unatosha.

Adui wa pili ni vitenzi visivyotenda. “Nilihusika na”, “nilishirikishwa katika” na “nilikuwa nikishughulikia masuala ya” humwonyesha mtu akiwa karibu na kazi, bila kuonyesha kama aliigusa. Tuchukue mfano wa kubuni wa karani wa masjala aliyeandika hivi:

“Nilihusika na utunzaji wa majalada ya ofisi.”

Akiulizwa ni majalada mangapi, aliyafanya nini, na nini kilibadilika, huenda akaandika:

“Nilipanga upya majalada 1,200 ya masjala kwa miezi minne, na kutengeneza daftari la faharasa, jalada lililokuwa likitafutwa kwa siku nzima likapatikana kwa nusu saa.”

Sentensi ya pili haina sifa hata moja, lakini ina tendo, idadi, muda na matokeo. Si lazima vyote vinne viwepo kila mahali. Dereva anaweza kuandika: “Niliendesha lori la tani 7 kati ya Dodoma na Singida kwa miaka mitatu bila ajali.” Matokeo yake ni ajali ambayo haikutokea, na hayo ni matokeo makubwa.

Kazi iliyofanywa na wengi ielezwe kama ilivyokuwa: “Pamoja na wenzangu watatu, nilihesabu mali ya ghala, sehemu yangu ilikuwa vipuri.” Anayejitwalia kazi ya kundi zima huchukua jasho la wenzake, na mdhamini akiulizwa, uongo hutoka nje. Vilevile idadi isiyojulikana isibuniwe. Ni afadhali kusema “kila wiki” au “katika vijiji vyote vya kata” kuliko kutaja asilimia isiyo na msingi.

Haja ya maelezo haya imezidi kwa sababu ya sheria zenyewe. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 ina sharti kama hilo, ila inasema pia kwamba mwajiri halazimiki kutoa maelezo juu ya tabia au utendaji wa mfanyakazi. Maana yake ni kwamba cheti hicho kitataja tarehe na aina ya kazi. Ubora wa kazi utaelezwa na nani, kama si aliyeifanya?

Istilahi

Kwa hati yenyewe, maneno kadhaa yamo katika matumizi. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutumia maelezo binafsi, na kutaka yawe “yanayojitosheleza”. Wengine husema wasifu, wengine wasifukazi, na mitaani husikika “sivii”. Lugha nyingine nazo hazina neno moja: curriculum vitae ni Kilatini chenye maana ya mwendo wa maisha, na résumé ni Kifaransa chenye maana ya kilichofupishwa.

Wasifu ni neno zuri, lakini katika fasihi lilikwisha kupewa kazi ya kutaja habari za maisha ya mtu zilizoandikwa na mwingine, kama Shaaban Robert alivyolitumia katika Wasifu wa Siti binti Saad. Habari za maisha zilizoandikwa na mwenyewe huitwa tawasifu. Maelezo binafsi nayo huwavuta waombaji kuandika kabila, dini na idadi ya watoto, mambo yasiyopima ujuzi. Kwa sababu hizo tunaona wasifukazi linafaa zaidi, maana linamwelekeza mwandishi kwenye kazi.

Kwa vifungu vifupi vya ndani, tumewahi kuona tafsiri inayotumia neno risasi. Hiyo ni tafsiri ya sura ya neno la kigeni, na kwa Mswahili risasi huua. Alama yenyewe ni nukta, na maneno yanayoifuata ni kipengele. Tunapendekeza yatumike hayo: “vipengele vya wasifukazi”. Mdhamini liachwe kama lilivyo, ingawa mahakamani lina maana ya anayemwekea mwingine dhamana. Si vibaya mwombaji akakumbuka uzito huo kabla ya kutaja jina la mtu.

Hitimisho

Tumeona jinsi maelezo ya mfanyakazi yalivyotoka mikononi mwa mwajiri na kufika mikononi mwake mwenyewe. Walimu wa Kiswahili wanaweza kulikamilisha badiliko hilo darasani: baada ya kufundisha muundo wa barua ya kuomba kazi, wawape wanafunzi zoezi la kugeuza majukumu matano kuwa matendo matano yaliyokwisha kufanyika. Wafasiri wailinde nafsi isipotee. Maafisa wa ajira nao watangaze katika matangazo yao kwamba wasifukazi wa Kiswahili unapokelewa, na wausome kwa uzito uleule. Tukifanya hivyo, mfanyakazi anayejua kazi yake ataweza kusema “nilifanya” kwa lugha yake, na akaaminiwa.