Kulima na Kutunza: Funzo la Misitu ya Gabon

Albert Schweitzer, mwana wa mchungaji wa Kilutheri, alipofika Lambaréné mwaka 1913, magogo ya mti wa okume yalikuwa yakielea katika mto Ogooué, yakienda Ulaya. Kwa miongo mingi Gabon ilitoa miti, na wengine wakapata kazi ya kuipasua. Uchimbaji wa mafuta ya petroli ulipoanza kupungua baada ya 1997, ililazimu kutafuta njia nyingine. Mwaka 2002 Rais Omar Bongo alitangaza hifadhi za taifa 13, takriban asilimia 11 ya nchi. Mwaka 2010 serikali ilipiga marufuku kuuza nje magogo yasiyopasuliwa, ili viwanda na ajira vibaki nyumbani.

Twausifu uamuzi huo, lakini tusimsahau mkulima wa kijijini. Tembo wanaolindwa na sheria huingia shambani mwake, wakala migomba na mihogo. Usiku mmoja hupoteza jasho la msimu mzima. Katika Mwanzo 2:15, kulima na kutunza ni agizo moja. Basi uhifadhi unaomtwika maskini gharama zake umeshika nusu tu ya agizo hilo.