Kiungulia

Kiungulia ni hisia ya kuungua inayopanda kutoka chembe cha moyo kuelekea kooni, mara nyingi baada ya kula, pengine pamoja na maji machungu au makali mdomoni. Licha ya jina la mahali kinapoanzia, hakitokani na moyo: chembe cha moyo ni sehemu ya juu ya tumbo, chini kidogo ya kidari. Hata hivyo ugonjwa wa moyo unaweza kuuma mahali palepale, na kuyachanganya mawili hayo ni hatari.

Chanzo

Chakula hushuka tumboni kupitia umio. Mwishoni mwa umio kuna msuli wa mviringo unaofunguka kupitisha chakula, kisha hujifunga. Ukilegea, au tumbo likijaa mno, asidi hupanda na kuunguza umio, ambao hauna kinga kama ya tumbo. Unene, ujauzito na uvutaji wa sigara huongeza tatizo.

Unguja

Katika Mji Mkongwe na kwingineko Unguja, urojo hukusanya karibu vichochezi vyote katika bakuli moja: uchachu wa embe mbichi, limau au ukwaju, mafuta ya bajia na kachori, na pilipili. Lakini saa ya kula ina uzito kama chakula chenyewe. Wakati wa Ramadhani mtu hufunga takriban saa 13, kisha hufuturu kwa muhogo au ndizi za nazi, sambusa na katlesi. Baadaye hula daku, na wengi hurudi kulala muda mfupi baada ya hapo. Mtu akilala, asidi haihitaji tena kupanda mlima. Inashauriwa kula kidogo kidogo, kusubiri saa 2 hadi 3 kabla ya kulala, na kuinua upande wa kichwa wa kitanda.

Vidonda vya tumbo

Maumivu ya chembe cha moyo huitwa upesi "vidonda", hata bila kipimo. Pilipili hulaumiwa, ingawa vidonda vingi husababishwa na bakteria Helicobacter pylori au dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua bakteria huyo na kazi yake katika vidonda. Hutibiwa kwa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami ni dharura.

Kutofautisha na moyo

Kiungulia huzidi mtu akiinama au akilala. Maumivu ya moyo kwa kawaida hubana au kulemea, huja mtu akipanda ngazi (na ngazi za nyumba za Mji Mkongwe ni kali) na hupungua akipumzika. Tofauti hii si ya kutegemea peke yake: mlo mzito nao huweza kuamsha maumivu ya moyo, na kupata nafuu baada ya kutafuna dawa ya asidi hakuthibitishi kwamba moyo ni mzima. Kwa wanawake, wazee na wenye kisukari, mshtuko wa moyo unaweza kuonekana kama kichefuchefu na tumbo kujaa tu.

Maumivu yakiambatana na jasho jembamba, kukosa pumzi, au kusambaa hadi mkononi, mgongoni au kwenye taya, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, kwa mfano Mnazi Mmoja, apimwe umeme wa moyo.