Ngao, Keria na Jerikeni: Historia ya Kutu Kwenye Gari la Porini

Land Rover ilipooneshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948, sehemu kubwa ya bodi yake haikuwa chuma. Vita vilikuwa vimekwisha miaka mitatu tu nyuma, chuma Uingereza kilitolewa kwa mgawo, na kampuni ya Rover ikakimbilia Birmabright, yaani aluminiamu iliyochanganywa na magnesi. Hata rangi ilikuwa ya kubahatisha: kijani hafifu kilichosalia kwenye maghala ya ndege za kivita. Bodi isiyoshika kutu, ambayo wenye Landrova hujivunia mpaka leo, ni mtoto wa uhaba.

Chini ya bodi hiyo kulikuwa na chesisi ya chuma, na mbele bampa ya chuma. Maurice Wilks, mhandisi wa Rover, na wenzake walilijua tatizo. Magari ya majaribio, 48 hivi, yalitengenezewa chesisi zilizochovywa katika zinki ya moto; bampa na mikanda inayofunika kingo za bodi navyo vikapewa zinki. Uzalishaji wa wingi ulipoanza, chesisi iliachiwa rangi peke yake. Bampa ilidumu na zinki yake kwa miaka mingi, kisha nayo ikaja kupakwa rangi nyeusi kwenye matoleo ya baadaye. Ni uamuzi wa mhasibu kuliko wa mhandisi, na wanaotembea na magari hayo kandokando ya bahari ndio wanaoulipia.

Mbinu yenyewe ya kuchovya katika zinki ilikuwa ya zamani. Mfaransa Stanislas Sorel aliipatia hataza mwaka 1837: chuma husafishwa kwa asidi, kisha huzamishwa katika zinki iliyoyeyuka kwa joto la nyuzi 450 hivi. Zinki huliwa kwanza, chuma kikasalimika hata pale kilipokwaruzwa. Rangi haina kinga ya namna hiyo. Ikipata ufa mdogo tu, maji na hewa hupenya, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, huvimba na kuibandua rangi kwa ndani. Kile kipele unachokiona juu ya ngao ya gari ni dalili ya ugonjwa ulioanza zamani.

Vilivyoumia zaidi katika historia hii ni vikorombwezo: ngao, keria, ngazi, kishikio cha tairi la akiba, jeki ndefu ya aina iliyoanza kutengenezwa Bloomfield, Indiana, mwaka 1905. Vitu hivi hufungwa nje, hukwaruzwa na miiba, hupigwa na kokoto.

Hakuna kifaa kinachoonesha thamani ya kinga dhidi ya kutu kama jerikeni. Wajerumani waliibuni mwaka 1937, kazi ya mhandisi Vinzenz Grünvogel wa kampuni ya Müller: lita 20, mishikio mitatu, vipande viwili vya bati vilivyochomelewa, na ndani utando wa kuzuia kutu uliowezesha dumu lilelile kubeba petroli au maji. Katika jangwa la Libya, Waingereza walikuwa na madebe mepesi yaliyovuja hata kabla ya kufika vitani, na kila walipoteka jerikeni za adui walizitumia kwa furaha. Mmarekani Paul Pleiss alikuwa amekwisha kuvusha sampuli kutoka Ujerumani mwaka 1939. Wakubwa wa Washington walipotengeneza ya kwao, walibadili maungio na kuuondoa ule utando wa ndani. Jerikeni zikaanza kuota kutu tumboni, mahali ambapo msasa wa fundi haufiki.

Kutu hiyo ya tumboni ndiyo pia maradhi ya ngao za bomba. Fundi hutoboa tundu la kufungia taa, maji ya mvua huingia, hayapati pa kutokea. Nje bomba linang'aa, ndani linaliwa.

Namna ya kuiondoa kutu nayo ina wazee wake. Benjamin Tilghman wa Philadelphia alipata hataza ya kusafisha kwa mchanga unaopulizwa kwa nguvu mwaka 1870. Kazi ilikuwa safi, ila vumbi la mchanga liliua mapafu ya wafanyakazi hadi Uingereza ikaupiga marufuku katika kazi hiyo kwa kanuni za 1949. Thomas Coslett, Mwingereza, alionesha mwaka 1906 kwamba asidi ya fosforasi huacha juu ya chuma ngozi ngumu inayoshika rangi vizuri; dawa nyingi za kugeuza kutu zinazouzwa madukani zina asidi hiyo hiyo. Nyingine hutumia tanini, inayoifanya kutu kuwa nyeusi na tulivu. Tanini hiyo si ngeni kwetu: magome ya mikoko ya Rufiji yalisafirishwa ng'ambo kwa ajili yake, na miwati ya Njombe hukamuliwa tanini mpaka sasa, ingawa wateja wake wakubwa ni watengenezaji wa ngozi.

Arusha, masika ya Aprili na Mei hupunguza watalii, na magari ya safari huingia gereji. Keria hushushwa, ngao hufunguliwa. Grenda na brashi ya waya hutangulia, msasa hufuata, thina hufuta mafuta, halafu praima nyekundu kabla ya rangi ya juu. Anayeruka hatua ya thina atarudi mwakani. Chesisi yenyewe mara nyingi hupakwa oili chafu, dawa ya bei nafuu inayofanya kazi kweli, ingawa huchafua udongo na kumwudhi kila fundi atakayelala chini ya gari hilo.

Pwani kuna balaa jingine. Chumvi ikikaa kati ya aluminiamu na chuma, aluminiamu ndiyo huliwa, na chini ya milango ya Landrova hutokea unga mweupe. Ndiyo maana kipande cha mpira chini ya miguu ya keria kina thamani kuliko koti la pili la rangi.

Katika miaka ya 1950 Mjerumani Erwin Gemmer alianzisha njia ya kupaka rangi ya unga inayoyeyushwa kwa joto. Ngao nyingi mpya huja nayo kutoka kiwandani. Ni ngumu na inapendeza, lakini ikishapasuka maji hutambaa chini yake bila kuonekana, na kuirekebisha vizuri kunahitaji tanuri. Kwa hiyo ngao inayopita miibani kila siku inafaa zaidi kupewa zinki, na juu yake rangi ya kawaida ambayo dereva anaweza kuigusia kwa brashi akiwa kambini.