Ufeministi wa kimazingira na mvutano wake na matapo mengine

UFEMINISTI si nadharia moja bali ni mwavuli wa matapo kadhaa, ambayo aghalabu huvutana yenyewe kwa yenyewe. Tapo ambalo wanafunzi wengi hulipitia juujuu ni la ufeministi wa kimazingira.

Istilahi hii iliasisiwa na Mfaransa Françoise d'Eaubonne katika kitabu chake Le Féminisme ou la mort cha mwaka wa 1974. Hoja yake ni kwamba mfumo uliompa mwanamume mamlaka juu ya mwili na uzazi wa mwanamke ndio uo huo uliompa idhini ya kuikamua ardhi. Mnamo 1980, mwanahistoria wa Marekani Carolyn Merchant alieleza jinsi mapinduzi ya kisayansi barani Ulaya yalivyobadilisha taswira ya dunia, kutoka mama mlezi hadi mashine isiyo na uhai.

Wafeministi wa kiliberali hudai usawa katika sheria, elimu na ajira. Watetezi wa tapo la kimazingira huwauliza: usawa katika nini? Kampuni inayofyeka msitu ikiwateua wanawake kuwa nusu ya wakurugenzi wake, msitu bado utafyekwa. Hata hivyo, waliberali nao wana jibu zito. Kwa karne nyingi mwanamke aliambiwa kuwa maumbile ndiyo yaliyomfunga jikoni, dhana ambayo Simone de Beauvoir aliishambulia vikali mwaka wa 1949. Kumhusisha tena mwanamke na udongo, wasema, ni kumrudisha katika kifungo kile kile.

Ufeministi wa kiradikali ndio jamaa wa karibu zaidi, kwani nao huuona ubabedume kuwa chimbuko la dhuluma zote. Baadhi ya wafuasi wake husifu mwili wa mwanamke na uwezo wake wa kuzaa kana kwamba humfanya mlinzi wa maumbile. Mwanafalsafa wa Australia, Val Plumwood, aliukataa mkabala huo mnamo 1993. Kwake, kosa limo katika mazoea ya kugawa kila kitu pande mbili, mwanamume na mwanamke, akili na mwili, ustaarabu na maumbile, kisha upande mmoja ukapewa utawala juu ya mwingine.

Kwa upande wa Umaksi, Mjerumani Maria Mies alidai kuwa ubepari huchukua bure kazi ya mwanamke nyumbani jinsi unavyochukua bure mali ya asili na ya makoloni. Mwaka wa 1993 alishirikiana na Vandana Shiva wa India kuandika kitabu Ecofeminism.

Mjadala mkali zaidi, kwa maoni yetu, ulizuka India kwenyewe. Mwaka wa 1974 wanawake wa kijiji cha Reni, katika milima ya Himalaya, wakiongozwa na Gaura Devi, waliwazuia wakataji miti kuingia msituni. Hicho kilikuwa kilele kimojawapo cha vuguvugu la Chipko. Shiva aliliona vuguvugu hilo kuwa ushahidi wa uhusiano wa kipekee baina ya wanawake na maumbile. Mwanauchumi Bina Agarwal alimpinga mwaka wa 1992. Mwanamke wa kijijini hulinda msitu kwa kuwa ndiye atafutaye kuni, maji na lishe ya mifugo, wala si kwa sababu ya jinsia yake tu. Tajiri wa mjini hana haja hiyo, hata akiwa mwanamke. Kwa hivyo suala la msingi, kwa Agarwal, ni nani anayemiliki ardhi.

Swali hilo linatuhusu moja kwa moja. Profesa Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement mwaka wa 1977, akatuzwa Nobel ya Amani mwaka wa 2004, na wanawake wa vijijini walipewa malipo madogo kwa kila mche ulioshika. Lakini tangu Mpango wa Swynnerton wa 1954, hatimiliki nyingi ziliandikwa kwa jina la mwanamume, aliyehesabiwa kuwa mkuu wa boma. Kifungu cha 60 cha Katiba ya 2010 kinataka ubaguzi wa kijinsia katika masuala ya ardhi uondolewe, ukiwemo ule wa kimila, nayo Sheria ya Mali ya Ndoa ikapitishwa mwaka wa 2013. Aliyepanda mti kabla ya hapo, mara nyingi aliupanda katika shamba ambalo kisheria halikuwa lake, na uamuzi wa kuukata ulikuwa wa mtu mwingine.